Mlango Usifungwe kwa Nje

Kabla hajauliza chakula kitapikwa wapi, kabla hata hajautua mkoba wake, Makamu alikuwa anauliza ufunguo uko kwa nani. Popote tulipopeleka wanafunzi kulala, iwe hosteli ya kanisa, bweni la shule nyingine au gesti ya barabarani, hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake. Mwenyeji anasema karibuni, poleni na safari. Yeye anajibu asante, tumeshapoa, ufunguo wa chumba cha watoto anakaa nao nani?

Alikuwa makamu mkuu wa shule yetu ya wasichana huku Mbeya. Wakuu wa shule walikuja wakahamishwa, wengine hata hatukuwahi kuzoea sauti zao, yeye akabaki pale pale, na jina likabaki Makamu. Mimi nilifundisha jiografia, na mwalimu wa jiografia ndiye anayetaka watoto waone mambo kwa macho: bonde, ziwa, mmomonyoko, mashimo ya dhahabu kule Makongolosi. Kwa hiyo safari nyingi zilikuwa za kwangu, na hakuna safari ya kulala nje iliyotoka bila yeye. Miaka yote hiyo tulikaa kiti kimoja, mimi dirishani, yeye upande wa njia, kofia yake ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi, macho kwenye kioo cha dereva.

Ukisafiri naye, hupumziki. Nasema hivi nikiwa nampenda. Ukifungua soda anakuuliza kama umeona msichana wa kiti cha tatu anavyopumua. Ukianza kusinzia anakugusa goti. "Mdogo wangu," ananiambia kwa sauti ya chini, "yule mtoto wa pumu, dawa yake iko mfukoni au iko kwenye begi juu ya basi?" Huwezi kumjibu sijui. Unasimama, unapepesuka katikati ya viti, unakwenda kuuliza. Na kama dawa iko juu ya basi, basi linasimama.

Watoto walimchoka. Walikuwa na wimbo wao wa kumwiga, wanauimba tukishapita Uyole, wakidhani hasikii: *Nani kakohoa? Nani kasimama? Nani kavua sweta?* Yeye alikuwa anausikia vizuri sana. Mara moja niliona mguu wake unapiga mdundo chini ya kiti.

Hakuwaamini madereva. Dereva wetu wa siku zote alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye jina zuri barabara nzima ya Tanzam, lakini safari moja ya kwenda Iringa kwenye maonyesho ya sayansi, Makamu alimwona anajikuna shingo mara kwa mara na kushusha kioo wakati nje kuna baridi. Tulikuwa tumefika Chimala. Akasimama.

"Weka pembeni."

"Mama, hapa si kituo."

"Najua. Umelala saa ngapi jana?"

Dereva akacheka kidogo. "Mama, mimi barabara hii naendesha hata nikiwa nimefumba macho."

"Ndicho ninachokiogopa," alisema Makamu.

Kumbe bosi wa dereva alikuwa amempa kazi nyingine usiku, ya kupeleka mizigo Tunduma na kurudi. Makamu akatandika kanga yake chini ya kivuli cha lori bovu, akamwambia dereva alale, na sisi tukakaa kando ya barabara pamoja na wasichana waliovaa sare zilizopigwa pasi, mikononi wameshika mitambo yao ya maboksi na nyaya, mpaka jua likawa kali na wengine wakaanza kulia. Tulifika Iringa maonyesho yanafungwa. Msichana aliyekuwa ametengeneza mashine ya kukausha nyanya hakumsalimia Makamu muhula mzima. Mkuu wa shule alimwita ofisini, na mimi nikiwa nje nilimsikia akisema, "Dereva angeweza kufika salama, hilo sikatai. Lakini sikuwa na namna ya kujua kabla."

Hilo ndilo lilikuwa gumu kwake. Alijua kwamba mara nyingi hofu yake ilikuwa ya bure, na gharama yake ililipwa na watu wengine. Alikuwepo mwalimu kijana wa hisabati, mcheshi, anayependwa na wanafunzi, ambaye tulikwenda naye Matema ziwani. Jioni alionekana amesimama kwenye mlango wa chumba cha wasichana anaongea nao, anacheka. Makamu alimwita mbele yetu sote na kumwambia kuanzia hapo atalala kwenye basi pamoja na dereva, na asikanyage tena ile korido. Kijana yule alibadilika rangi. Alikuwa amepeleka mishumaa tu, maana umeme ulikatika, na kila msichana alishuhudia hivyo. Mwisho wa mwaka aliomba uhamisho. Nilimwambia Makamu kwamba alimwonea.

"Labda nilimwonea," alisema. "Lakini njia ya kuhakikisha ilikuwa ni kusubiri. Na nikisubiri, anayelipa ni mtoto."

Sijui kama alikuwa sahihi. Mpaka leo, nikimfikiria yule kijana na begi lake akitembea kwenda kwenye basi, moyo unaniuma. Na bado, nilipokuwa na binti yangu mwenyewe na shule yake ikaandaa safari, niliuliza swali moja tu: yuko mtu kama Makamu?

Pamoja na ukali huo, alikuwa mtu wa kicheko kikubwa, cha kutoka tumboni. Alipenda karanga za kukaanga, alijua kucheza, na nyumbani kwake, mtakubali au mtakataa, mlango ulikuwa wazi muda wote. Majirani waliingia wakachukua moto, watoto wa watu walikula kwake bila yeye kujua ni wa nani. Pikipiki alipanda bila kofia ngumu, kanga imefungwa kichwani, anamhimiza kijana wa bodaboda akanyage mafuta. Kwa nafsi yake hakuogopa chochote.

Wazazi aliwaheshimu, hasa wale waliosema hapana. Alikuja mzee mmoja kutoka mbugani Usangu, mfugaji, wa wale waliohama na ng'ombe wao kutoka Usukumani. Binti yake aliitwa Kabula, kidato cha tatu, msichana mrefu asiyeongea sana. Mzee alisimama ofisini na fimbo yake, akakataa kiti.

"Mwalimu, mimi binti yangu nimemleta asome. Sasa mnasema akalale Iringa. Iringa kuna nani wa kwetu?"

Mimi nilianza kumweleza faida za safari, historia ya zana za mawe kule Isimila, mtihani wa taifa. Makamu akaniwekea mkono begani ninyamaze.

"Hakuna wa kwenu, baba," alisema. "Nitakuwepo mimi. Na kila jioni nitakupigia, utaongea na mtoto mwenyewe, siyo na mimi. Siku nisipopiga, njoo na hiyo fimbo."

Mzee akamtazama. "Kule kwetu mtandao ni mpaka upande kichuguu."

"Basi utapanda."

Mzee akacheka, na Kabula akaenda.

Safari hiyo ndiyo ninayotaka kuisimulia vizuri, kwa sababu watu wengi wameisimulia vibaya.

Ulikuwa mwezi wa baridi. Tuliotoka Mbeya tunajidai tunaijua baridi, lakini siku ile upepo wa Makambako uliingia kwenye basi kama maji. Tulipofika Isimila manyunyu yalikuwa yanashuka, wasichana wakatembea katikati ya zile nguzo za udongo zilizochongwa na mvua wakiwa wamelowa soksi. Jioni tukaingia hosteli tuliyopangiwa, nje ya mji, jengo zuri la matofali lenye korido ndefu na nondo kwenye kila dirisha. Mwenyeji wetu, msimamizi wa hosteli, alikuwa baba wa makamo, mkarimu, ametuwashia taa mpaka za nje.

"Kamwene," alitusalimu. "Karibuni sana, walimu wangu."

"Kamwene," Makamu akajibu. "Ufunguo wa vyumba vya watoto yuko nao nani?"

Msimamizi akaonyesha kishada cha funguo kiunoni kwake, kwa fahari. Alieleza utaratibu wao: jua likizama, kila chumba cha wasichana kinapigwa kufuli kwa nje, kinafunguliwa asubuhi. Ndoo iko ndani. Kwa njia hiyo hajawahi kupotea msichana hata mmoja, wala hajawahi kuingia kijana wa mtaani.

"Na wewe unalala wapi?"

"Kwangu. Hapo ng'ambo tu."

"Wangu hawafungwi," alisema Makamu.

Yule baba alidhani anatania. Alipoona hatanii, sauti ikabadilika. Alisema yeye ndiye anayejibu kama kutatokea lolote, alisema wageni wote wamekubali, waliotutangulia walikuwa masista na wao walikubali. Makamu akasema moto ukishika, nondo ziko dirishani na kufuli iko mlangoni, watoto watapita wapi? Msimamizi akasema hapa hakujawahi kuungua. Wasichana walikuwa wamesimama uani na mabegi, wanatetemeka, wanatutazama. Nilitamani ardhi inimeze. Nilitamani Makamu akubali, usiku mmoja tu, watoto waingie wabadili nguo.

Msimamizi akampigia simu mkuu wetu wa shule. Mkuu akaomba kuongea na Makamu, na kwa kuwa simu ilikuwa na sauti kubwa sote tulisikia. "Makamu, unatuaibisha. Fuata utaratibu wa wenyeji."

"Nimekusikia, mkuu," alisema, akarudisha simu.

Halafu akatembea korido nzima, mlango hadi mlango, akizichomoa kufuli kwenye pete za milango moja moja na kuzitia kwenye mifuko ya koti lake. Koti likalemea upande. Msimamizi alimfuata nyuma akisema "Mama, mama, usifanye hivyo," mpaka mlango wa mwisho. Kisha akageuka, akaondoka bila kuaga. Makamu alimwambia dereva asiende kulala mjini, basi likae hapo hapo uani, uso wake ukielekea geti. Dereva alitii, maana tangu Chimala alikuwa ameacha kubishana naye. Wasichana wakaingia vyumbani. Hakuna aliyetushukuru.

Baridi ndiyo iliyoleta mengine. Mpishi wa hosteli, mama mwenye huruma, aliwaona wasichana wa chumba cha mwisho wanavyotetemeka, akawapelekea jiko la mkaa lililokwisha kukolea. Hakuwa na nia mbaya hata chembe. Kwake nyumbani jiko huwekwa mlangoni, hewa mbaya ya mkaa itoke nje. Wasichana wakaliingiza ndani, wakafunga mlango, na kwa kuwa dirisha lilikuwa linapitisha upepo wakaliziba kwa blanketi. Wakavua soksi, wakazianika juu ya begi karibu na moto, wakajilaza kusubiri chakula. Mimi na Makamu tulikuwa jikoni.

Ugali ulipoiva na maharage yakapakuliwa, tukapiga kengele. Wakaja wote kwa kelele, isipokuwa chumba cha mwisho.

"Wamelala," nilisema. "Wamechoka, tuwawekee, watakula baadaye."

Makamu alikuwa na sahani mkononi. Akaniangalia.

"Tangu Makambako wamekula ndizi tu," alisema. "Hawajalala hao."

Akaiweka sahani kwenye meza taratibu, kisha akaanza kukimbia. Sikuwa nimewahi kumwona akikimbia. Nikamfuata.

Kabula tulimkuta kwenye korido. Alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, miguu peku, amejitapikia. Mlango ulikuwa wazi kando yake. Alijaribu kutuambia kitu, mdomo ukawa mzito, akanyoosha tu mkono kuelekea ndani. Ndani palikuwa na joto zuri, joto la kukaribisha, na wasichana watano wamelala vitandani nyuso tulivu kama wanaota.

Makamu alivuta blanketi la dirishani mpaka msumari ukang'oka. Akapiga kioo kwa kiwiko. "Toa!" alinipigia kelele. "Usiwaamshe, watoe!" Tuliwaburuta kwa mikono, kwa shuka, kwa makwapa, mpaka kwenye baridi ya uani. Dereva alikuwa ameshasikia, alikuwa anakuja mbio. Alimbeba mmoja begani na mwingine ubavuni. Watatu waliamka wakilia na kutapika. Wawili hawakuamka. Walikuwa wanapumua, lakini kwa kukatikakatika, na mmoja wao ndiye yule wa pumu.

Basi lilikuwa limeelekea geti. Nakumbuka sana kitu hicho, kwamba dereva hakuhitaji kugeuza. Msimamizi alitoka kwake aliposikia mayowe, akatufungulia geti, akaruka ndani ya basi na kukaa sakafuni akimshikilia kichwa mtoto mmoja ili kisigonge, njia nzima. Makamu alikuwa amempakata mwingine na anamwita kwa jina, jina tu, bila kupumzika, kwa sauti ile ile ya kuita mahudhurio darasani. Na zile kufuli bado zilikuwa mfukoni, zinagongana kila basi likiruka.

Hospitalini wakawekewa hewa. Yule wa pumu ndiye aliyechelewa kufungua macho. Alipofungua, aliuliza soksi zake ziko wapi.

Ndipo Makamu alipotoka nje, akakaa kwenye ngazi, akachukua simu. Nilidhani anampigia mkuu. Alimpigia baba yake Kabula. Ilibidi apige mara nyingi, maana mzee alikuwa bado juu ya kichuguu anasubiri, lakini mtandao ulikuwa unakatika. Alimweleza kila kitu, jiko, dirisha, kutapika. "Mtoto ni mzima, utaongea naye sasa hivi," alisema, "lakini nilikuahidi nitakuwepo, na sikuwepo chumbani. Jiko sikuliwaza, baba. Niliwaza moto wa kuunguza. Huu wa kuota sikuuwaza." Akaanza kulia akiwa bado ameishika simu sikioni. Kisha akawapigia wazazi wengine, mmoja mmoja, na wote aliwaambia vile vile.

Kikao cha wazazi kilifanyika Mbeya juma lililofuata, bwaloni. Nimehudhuria vikao vibaya, hakuna kama kile. Walimwita muuaji, ingawa watoto wote walipona. Mama mmoja alisema mwanamke anayejifanya anajua kila kitu ndiye aliyeleta watoto kwenye chumba cha mkaa. Mkuu wa shule alikaa mbele, akaangalia mikono yake, na hakusema kwamba yeye ndiye aliyetaka milango ifungwe. Mimi nilisimama nikaanza kusema habari za zile kufuli. Makamu akanivuta sketi. "Kaa chini," alisema. "Mkubwa wa msafara nilikuwa mimi."

Baba yake Kabula alisimama nyuma kabisa.

"Mimi huyu mama alinipigia mwenyewe," alisema. "Analia. Akaniambia mabaya yote kabla ya mazuri. Mwanangu ananiambia alitambaa mpaka mlangoni, akausukuma, ukafunguka. Mimi nauliza tu: kama usingefunguka?"

Wazazi wengine hawakumsamehe Makamu kwa sababu ya maneno hayo. Watu hawasamehe kwa haraka namna hiyo. Lakini kelele ziliisha, wakatoka mmoja mmoja.

Safari za kulala nje zilipigwa marufuku shuleni kwetu. Nilitegemea Makamu atafurahi, mtu aliyekuwa akiona hatari kwenye kila swichi ya taa. Badala yake aligeuka kero. Kila kikao cha walimu kilipokaribia mwisho, mkuu akiuliza kama kuna mengineyo, mkono wake ulikuwa juu. Alizunguka kwa wazazi wale wale waliomtukana, akakaa sebuleni kwao, akanywa chai yao, akawaambia sasa anajua jambo ambalo hakulijua, wampe tena watoto. Baadhi walimfungia mlango. Ilichukua muda mrefu, lakini safari zilirudi, na katika ile ya kwanza alikuwemo msichana wa pumu, dawa imefungwa shingoni kwa utepe.

Alistaafu kimya kimya. Hakutaka sherehe. Alihamia Ruaha Mbuyuni kwa mdogo wake wa kike, wakalima vitunguu.

Nilimwona mara ya mwisho mwaka jana. Nilikuwa napeleka wanafunzi Mikumi, na msafara ulikuwa wangu peke yangu, mwalimu mwenzangu akiwa ni binti aliyemaliza chuo juzi. Tulishuka mteremko wa Kitonga salama, joto la chini likatupokea, wasichana wakavua masweta. Nikamwomba dereva asimame. Makamu alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya barabara, anachambua vitunguu, mikono imepata rangi ya maganda. Amekonda. Alinikumbatia bila kusimama.

Nilidhani ataanza kunihoji, na nilikuwa nimejiandaa na majibu yote, tangu gesti mpaka vyandarua. Hakuuliza hata moja. Aliangalia basi, wasichana wakitoa vichwa madirishani na kuwauliza wauzaji bei za nyanya, akatabasamu.

"Unazikumbuka safari?" nilimuuliza. "Unatamani?"

"Hata siku moja." Alitupa kitunguu kilichooza pembeni. "Mdogo wangu, mimi nilikuwa naogopa tangu basi linawashwa mpaka tunarudi. Sili. Nyumbani nikirudi nalala siku nzima kama mgonjwa."

Hilo sikulijua. Miaka yote kiti kimoja, na sikulijua.

"Sasa kwa nini ulikuwa unakwenda? Na kwa nini ulizipigania zirudi?"

Alifikiri, kisu kimesimama kwenye shina la kitunguu.

"Kwa sababu watoto wangekwenda tu," alisema. "Kama siyo na sisi, na mtu mwingine, siku nyingine. Mimi nikikataa, wanapelekwa na asiyeogopa."

Akanifungia vitunguu kwenye mfuko, akaukataa mkono wangu uliokuwa unaingia kwenye mkoba, akaniambia niende, jua linakwenda. Nilipopanda, yule mwalimu kijana alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele, dirishani, ameshaweka vipokea sauti masikioni, macho ameyafumba. Dereva akauliza tuondoke.

"Subiri," nilisema.

Nikamgusa goti yule binti. Akafungua macho, akavua vile vitu masikioni, akasogea akidhani nataka dirisha.

"Hapana, baki hapo hapo," nilimwambia, na nikakaa upande wa njia. "Niambie, tunakokwenda kulala, umeshauliza mlango unafungwaje?"